Jinsi Vitu Vinavyopita Kwenye Utando wa Seli

Kila seli hai imezungukwa na utando mwembamba unaoruhusu baadhi ya vitu kupita na kuzuia vingine. Vitu hupita kwa njia kuu tatu. Watahiniwa wengi huzitaja zote, lakini hupoteza alama wanapotakiwa kuzitofautisha.

1. Difyusheni
Ni mwendo wa chembe kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo. Seli haitumii nishati. Mfano: oksijeni hutoka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuingia kwenye damu.

2. Osmosisi
Ni mwendo wa molekuli za maji kupitia utando unaochagua, kutoka mmumunyo mwepesi kwenda mmumunyo mzito. Hapa pia seli haitumii nishati. Mfano: mkulima wa Lyamkena akirundika urea karibu na shina la mhindi, maji ya udongo huwa mazito kuliko maji yaliyomo ndani ya seli za mizizi. Maji hutoka mizizini na mmea hunyauka, hata kama udongo una unyevu. Watu husema mbolea imeunguza mahindi. Katika mtihani, eleza kwa osmosisi.

3. Usafirishaji amilifu
Ni mwendo wa chembe kutoka penye ukolezi mdogo kwenda penye ukolezi mkubwa. Seli hutumia nishati inayotokana na upumuaji wa seli. Hivi ndivyo vinyweleo vya mizizi hufyonza madini ambayo tayari ni mengi ndani ya mzizi. Kwenye kinyungu chenye maji yaliyotuama, mizizi hukosa oksijeni, nishati hupungua, madini hayafyonzwi na majani huwa manjano. Matuta husaidia kuondoa maji hayo.

Njia hizi zinavyookoa maisha
Mgonjwa wa kuhara hupoteza maji na chumvi nyingi. Fomula ya ORS iliyopendekezwa na WHO na UNICEF mwaka 2002 ina milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa lita 1. Kwenye utando wa seli za utumbo, glukosi na sodiamu huingia pamoja, kisha maji hufuata kwa osmosisi. Ukiongeza sukari kwa kukisia, mmumunyo huwa mzito na unaweza kuvuta maji kuyarudisha utumboni, na kuhara kukazidi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Swali la mazoezi
Vipande viwili vya kiazi mviringo vyenye urefu wa sm 5 viliwekwa, A katika maji safi na B katika maji ya chumvi nyingi. Baada ya saa 1, A kilikuwa sm 5.3 na B sm 4.6. Eleza.

Jibu
A kimeongezeka kwa asilimia 6: maji yameingia kwenye seli na zimekuwa ngumu. B kimepungua kwa asilimia 8: maji yametoka kwenye seli na zimelegea.

Epuka makosa haya
- Usiandike kuwa chumvi imeingia kwenye kiazi na kukifupisha. Kilichokifupisha ni maji kutoka.
- Usiandike kuwa seli ya kiazi itapasuka katika maji safi. Ukuta wa seli huizuia. Seli nyekundu ya damu haina ukuta, hivyo hupasuka.
- Katika osmosisi, taja maji na utando unaochagua. Ukiacha kimojawapo, maana haijakamilika.