Gitaa Linaposema Peke Yake

Ndugu msomaji, je, umepata kumwona kijana wako ameketi kimya jioni, pale Kirumba au Igogo, akisikiliza magitaa matupu yasiyo na mwimbaji? Usiharakishe kumwamuru azime.

Kumbuka nawe ulivyoanza. Katika kipindi cha zilipendwa ulivutwa na maneno. Waimbaji wakanyamaza, solo la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, likashika njia, nawe ukatamani lisiishe. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipiga katika Maonyesho ya Dunia huko Osaka, Japani, mbele ya wengi wasiojua Kiswahili. Gitaa halikuhitaji mkalimani.

Kwa mlango huohuo vijana huingia katika roki ya kundi kama Mogwai la Scotland, lililoundwa mwaka 1995. Magitaa huanza taratibu kama ziwa alfajiri, kisha hupanda kama mawimbi ya dhoruba. Mara ya kwanza huchosha; siku moyo ulipobeba jambo lisilosemeka, hushika.

Basi, mzazi, keti naye hadi wimbo mmoja umalizike. Huenda ukayasikia yale ambayo hajapata maneno ya kukuambia.