Moyo wa Mwajiri wa Milwaukee

Mjomba wangu alistaafu reli, na tangu hapo kazi yake kubwa ni kubishana nami. Mimi nafundisha sosholojia katika chuo kimoja hapa Morogoro. Yeye anaona nalipwa mshahara kwa kueleza mambo ambayo kila mtu wa Kihonda anayajua bure. Kuhusu ubaguzi wa rangi msimamo wake haujawahi kuyumba: ubaguzi ni chuki, chuki hukaa moyoni, na ya moyoni ayajuaye ni Mungu. "Sasa wewe mwalimu," huniuliza, "umepewa darubini gani?"

Si swali la kipuuzi. Watu wengi wanauelewa ubaguzi hivyohivyo, mahakimu na wakuu wa polisi wakiwemo. Ila ukishakubali kwamba ni suala la moyo tu, kila mtuhumiwa atasema hana chuki na mtu, na mazungumzo yamekwisha.

London waliliona hilo. Tarehe 22 Aprili 1993, Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, alichomwa kisu na genge la vijana wa Kizungu akiwa anasubiri basi huko Eltham. Polisi waliboronga upelelezi tangu usiku uleule. Ilichukua hadi Februari 1999 kwa tume ya Jaji William Macpherson kutoa ripoti, na humo akaandika kwamba polisi wa London wana ubaguzi wa kitaasisi. Dhana yenyewe ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30: Stokely Carmichael, yule aliyekuja kuitwa Kwame Ture na kuhamia Guinea, aliiandika na Charles Hamilton mwaka 1967. Lakini mwaka 1981, katika ripoti yake juu ya ghasia za Brixton, mtaa mwingine wa London, Lord Scarman alikuwa ameikataa, kwa kuwa hakuona sera inayobagua watu kwa makusudi. Macpherson hakutafuta makusudi. Alitazama kama taasisi kwa ujumla wake inashindwa kuwahudumia watu inavyostahili kwa sababu ya rangi au asili yao, hata kama chanzo ni uzembe, ujinga au mazoea. Mwaka uliofuata sheria ilirekebishwa, na kazi za polisi ambazo awali sheria ya ubaguzi haikuzigusa zikaingizwa ndani yake.

Mjomba akisikia hayo hujibu kuwa ripoti ni maneno ya jaji. Basi namhamishia Milwaukee.

Mwaka 2001, katika mji huo wa jimbo la Wisconsin, mwanafunzi wa udaktari wa sosholojia aitwaye Devah Pager aliwachukua vijana wanne, wanafunzi wa kiume wenye maneno mazuri na mavazi nadhifu: wawili weupe, wawili weusi. Aliwapa wasifu wa kubuni, elimu na uzoefu vikilingana, akawatuma kuomba kazi za chini, za mhudumu wa hoteli, dereva, mpakiaji. Katika kila jozi mmoja alijaza kwenye fomu kwamba amewahi kufungwa kwa kosa la kokeini, na walipokezana, wiki hii huyu, nyingine yule, ili tofauti za sura na ucheshi zisiharibu hesabu. Kwa jumla walifika kwa waajiri 350. Pager alihesabu kitu kimoja tu: nani kaitwa tena.

Mweupe asiye na kifungo aliitwa mara 34 katika kila maombi 100. Mweupe mwenye kifungo, 17. Mweusi asiye na kifungo, 14. Mweusi mwenye kifungo, 5. Isome tena namba ya pili na ya tatu. Mzungu aliyejitangaza kuwa ametoka jela alikuwa na nafasi sawa, au bora kidogo, kuliko kijana mweusi asiye na doa.

Kilichonivutia zaidi kilikuja baadaye. Pager na mwenzake Lincoln Quillian walihakikisha waajiri walewale wanapigiwa simu na kuulizwa kama wangemwajiri mtu mwenye kifungo kama kile. Majibu hayakutofautiana: mweupe au mweusi, walisema, kwao ni mamoja. Sidhani walidanganya. Huenda mioyo yao ndivyo ilivyowaambia.

Wapo wanaosogeza mpaka mbali zaidi, wakisema chuki bila mamlaka si ubaguzi wa rangi, hivyo asiye na mamlaka hawezi kuwa mbaguzi. Maana hiyo ilianza kushika Marekani miaka ya 1970 na vyuoni ina mashabiki wengi. Mimi hainikai vizuri, na sababu yangu iko jirani. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Enzi za mkoloni walikuwa wamewekwa ngazi moja juu ya Mwafrika, na wengi walikuwa na maduka na viwanda. Manung'uniko ya Waafrika hayakuwa ndoto. Ila mwaka ule bunduki ilikuwa kwingine, na hata wenye uraia walifukuzwa. Nani alikuwa na mamlaka? Mwanafunzi anayejibu kwa neno moja, bila kuuliza mamlaka gani na lini, nampunguzia alama.

Wazazi huniuliza shahada ya sosholojia ina faida gani. Namba za Pager zilitumika sana na waliotaka kiondolewe kile kisanduku cha fomu ya kazi kinachouliza kama umewahi kuhukumiwa. Miji na majimbo mengi ya Marekani yalikiondoa, New Jersey na jiji la New York wakianza kutekeleza kwa waajiri binafsi mwaka 2015. Mchumi Amanda Agan na mwanasheria Sonja Starr waliazima njia ileile, wakatuma maombi ya kubuni karibu 15,000 kabla na baada ya sheria. Kwa makampuni yaliyokuwa na kisanduku, waombaji wenye majina ya Kizungu waliitwa asilimia 7 zaidi ya weusi. Kisanduku kilipoondoka, pengo likafika asilimia 43. Waajiri, wakiwa hawajui tena nani ametoka jela, walikuwa wanakisia kwa jina.