Manjano ya Wenyeji, Nyekundu ya Wageni

Mwishoni mwa Oktoba shule nyingi za Uingereza hufungwa wiki moja kwa mapumziko ya katikati ya muhula, na wazazi huanza kuulizana: tuwapeleke wapi watoto wakaone majani? Jibu linategemea rangi unayoitaka, maana manjano na nyekundu hazipatikani kwa njia moja, wala hazikolei wakati mmoja.

Manjano imo ndani ya jani tangu majira ya joto. Ni karotini na jamaa zake, ambazo husaidia kunasa mwanga, ila hufunikwa na klorofili, kile kijani ambacho mmea hukitumia kujitengenezea chakula. Mchana unapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili mpya na kuanza kuivunja iliyopo. Naitrojeni inayopatikana huhamishiwa kwenye matawi, shina na mizizi, ingoje majira ya kuchipua. Kijani kikishaondoka, manjano hubaki wazi. Wakati huohuo, kikonyo kinaposhikana na tawi, seli hujipanga kuziba njia za maji. Baada ya hapo upepo wa kawaida tu unatosha kulidondosha jani.

Alda, mti wa kingo za mito, haujisumbui hivyo. Mizizi yake huishi na bakteria wanaounasia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo huyaacha majani yaanguke yakiwa bado na kijani chake.

Nyekundu ni habari nyingine kabisa. Anthosayanini, kundi la rangi linaloipa hata juisi ya rosela wekundu wake, kwa sehemu kubwa haikuwamo. Mti huitengeneza upya kwa kutumia sukari ya jani, wiki chache tu kabla ya kulitupa. Kwa nini kiumbe kinachokusanya akiba kigharimie rangi mpya kwenye kitu cha kutupwa? Wataalamu wangali wanabishana. Wapo wanaosema ni kivuli cha kulikinga jani na jua wakati naitrojeni inapohamishwa. Wengine wanasema ni onyo kwa wadudu. Mimi hoja ya kivuli hunishawishi zaidi, kwa sababu jani lililopigwa na jua mara nyingi huwa jekundu kuliko jirani yake aliyejificha. Kinachojulikana ni hali ya hewa inayoikoleza: mchana wa jua, na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha. Mawingu yakitanda mfululizo, nyekundu huchujuka. Lakini baridi si lazima kwa kila mti. Aliyekulia chini ya mkungu, Unguja au Mombasa, ameshayaona majani yake yakiwa mekundu kabla ya kuanguka.

Sasa tufike kwenye safari. Miti mingi ya asili ya Uingereza huishia kwenye manjano na kahawia: biichi, betula, mwaloni. Wekundu upo kwa wachache, kama micheri ya mwituni. Ule mkali wa kwenye kalenda, kwa sehemu kubwa, umetoka Japani, Uchina na Amerika Kaskazini, ukapandwa na matajiri waliokuwa na ardhi ya kuchezea. Bustani ya miti ya Westonbirt, huko Gloucestershire, ilianzishwa mwaka 1829 na Robert Holford. Leo ina miti ipatayo 15,000, na mepo zake za Kijapani ndizo zinazojaza maegesho ya magari. Sheffield Park, huko Sussex, ni bustani ya maziwa ambayo Arthur Soames aliijaza miti ya rangi mwanzoni mwa karne ya 20, na sasa iko chini ya shirika la uhifadhi la National Trust. Watoto watafurahi zaidi mkifika kwa treni ya moshi ya Bluebell Railway, inayotoka East Grinstead.

Tatizo ni tarehe. Mepo za Kijapani mara nyingi hukolea katikati ya Oktoba, hivyo ukingoja likizo ya shule unaweza kukuta zimeshaanza kupukutika. Biichi huchelewa; dhahabu yake huangukia mwisho wa Oktoba na kuingia Novemba. Ndiyo maana mwenye siku moja tu ya likizo, na watoto watatu wa kulipiwa, ningemwelekeza Epping Forest. Treni za Central Line za London huwafikisha Loughton, na msituni hakuna kiingilio. Sheria ya Bunge ya mwaka 1878 iliuokoa msitu huo usiendelee kuzungushiwa ua na wenye ardhi. Biichi zake nyingi zina umbo la ajabu, shina fupi nene na matawi yanayochomoza juu kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kwa kuwa kwa karne nyingi wanavijiji walizikata vichwa kupata kuni. Uyoga utauona mwingi. Usiuchume: ni marufuku, na mwingine unaua.

Angalieni saa pia. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa nane usiku, saa hurudishwa nyuma hadi saa saba. Jua la London lililokuwa likizama karibu saa kumi na mbili kasorobo jioni sasa linazama saa kumi na moja kasorobo. Chai na keki ziachwe hadi baada ya matembezi.

Nyumbani nako majani yanangoja. Wengi huyatia kwenye mapipa ya halmashauri, hasara tupu. Yajaze kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa, yalowanishe, ufunge, uusahau nyuma ya banda. Kuvu huyaozesha taratibu, na baada ya mwaka mmoja au miwili utapata mboji nyepesi ya kufunika vitalu. Yaliyoanguka kwenye njia yaondoe, yanateleza. Ya kwenye kidimbwi yaopoe kabla hayajazama yakachafua maji.

Rundo moja liache pembeni, chini ya ua, kwa ajili ya kalunguyeye anayetafuta pa kulala hadi baridi iishe. Na kama mmekusanya matawi kwa ajili ya moto unaowashwa Uingereza kila tarehe 5 Novemba, yahamishieni mahali pengine siku hiyohiyo kabla ya kuwasha, kwani huenda ameshajichimbia humo.