Mbwa Mzee Asiyeweza Kuinuka

Mbwa aliyelinda boma miaka kumi sasa anasimama kwa shida. Wengine husema, "Huyu amekwisha," na kumwacha anyeshewe. Lakini mara nyingi ni viungo tu vimechakaa, na anaweza kusaidika.

1. Mtandikie magunia makavu juu ya nyasi, mahali pasipo na upepo.
2. Weka maji na chakula karibu. Asinenepe, uzito huumiza viungo.
3. Punguza ncha za kucha ndefu, ili asiteleze.
4. Mtembeze kidogo kidogo kila siku. Akishindwa kuinuka, pitisha gunia chini ya tumbo, umwinue polepole.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Zaweza kumuua. Muulize daktari wa mifugo.

Jihadhari! Miguu ikilegea ghafla, mate yakimtoka na sauti ikibadilika, huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse, mwite afisa wa mifugo. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hata mbwa mzee huchanjwa kila mwaka. Kikundi chenu kinaweza kumwalika afisa achanje mbwa wote wa kijiji kwa siku moja.