Kulala kijijini Kisii na Nyamira: shika chumba bila kuchezwa

Likizo ikikaribia, wengi wetu tunawaza Mombasa. Sawa, bahari ni bahari. Lakini kuna wale wanaopanda gari la Narok, Bomet na Sotik, wanashuka Keroka au Kisii mjini, halafu wanalala kwenye boma la watu katikati ya migomba na majani chai. Mwenye nyumba ana vyumba viwili vitatu, watoto wamekua wakaenda zao, akaona heri apokee wageni. Kitanda na kiamsha kinywa. Chakula cha jioni mnaelewana naye, na ukibahatika ni ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga chungu kidogo ambazo ukizizoea sukuma wiki inakuchosha.

Huku kadi ya benki haitakusaidia. Nyumba nyingi za namna hii hazina hata tovuti, ni nambari ya simu tu na picha kadhaa za WhatsApp. Unalipa kwa simu kuanzia chumba hadi bodaboda. Ukifikiria vizuri, utagundua kwamba pesa ya kushika chumba ndiyo pekee utakayotuma kwa kitu ambacho hujakiona. Bodaboda amesimama mbele yako. Muuza ndizi yuko hapo na ndizi zake. Chumba uko nacho kwenye picha tu, na walaghai wanalijua hilo, hasa Agosti na Desemba watu wanapopanga safari kwa haraka, au kukiwa na harusi ama mazishi na wageni wa Nairobi hawana pa kulala.

Hebu anza na picha zenyewe. Nimewahi kuona tangazo la nyumba ya wageni "Kisii" lenye minazi nyuma ya kidimbwi cha kuogelea. Minazi! Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi unavaa sweta. Ukiona picha haifanani na mahali, achana nayo hata kama bei ni tamu.

Picha zikikaa sawa, piga simu. Usiishie kwa meseji. Salimia, ukijua "bwakire buya" utasikia sauti ya upande wa pili ikichangamka, kisha uliza njia: nikishuka stejini nipande gari gani, nishukie wapi, bodaboda wa hapo atanijua nikimwambia jina gani? Mwenyeji wa kweli atakuelekeza mpaka uchoke, atakutajia shule, kanisa na posho mill. Mlaghai atakuambia "tuma kwanza halafu nitakutumia lokesheni".

Kwenye hiyo simu uliza pia jina litakalotokea nikituma ni la nani. Kama ni Till, jina la biashara ni lipi? Kama ni nambari ya mtu, majina yake ni yapi kwenye kitambulisho? Ukiweka nambari na kiasi, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Watu wengi hulipita hilo jina kama tangazo la redio. Lisome. Kama uliongea na mama wa Nyamira na jina linalotokea ni la kijana usiyemjua, ghairi kwanza na umpigie tena mama. Inawezekana ni mwanawe, mambo hayo yapo sana, lakini hayo akuambie yeye kabla ya pesa kuondoka, si baadaye.

Na usitume yote. Tuseme chumba ni shilingi 3,000 kwa usiku na unakaa usiku mbili. Elfu moja inatosha kushika, iliyobaki unalipa ukishaona kitanda. Mwenyeji akikataa kabisa na kutaka 6,000 yote leo, tena kabla ya saa kumi, mimi ningetafuta kwingine.

Watu wanachanganya kitu kimoja hapa. Kurudishiwa muamala kumewekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Ukituma kwa nambari ile ile uliyokusudia, kisha ukafika ukute hakuna nyumba, huo ni ulaghai, na mara nyingi pesa ilishatolewa kwa wakala dakika chache baada ya wewe kutuma. Piga huduma kwa wateja papo hapo ukiwa na ujumbe wa muamala, usiufute, kisha uripoti polisi. Lakini usiende safari ukitegemea kwamba kuna kitufe cha kurudisha kila kitu.

Haya, umefika. Tembea asubuhi, kwa sababu Gusii mvua hupenda kuja mchana na njia za udongo mwekundu zinateleza vibaya. Manga Ridge ndiyo ya kwanza: ule ukingo mrefu wa mwamba unaouona hata ukiwa Kisii mjini. Ukiwa juu unaona mji chini yako, na siku ya hewa safi Ziwa Victoria linang'aa kwa mbali. Chukua kijana wa pale akuonyeshe njia, na mkubaliane bei kabla hamjaanza kupanda. Mtandao unaweza kukusumbua sehemu kama hizi, kwa hivyo kuwa na noti ndogo mfukoni. Na ukitaka keshi, toa ukiwa bado mjini. Wakala wa soko dogo jioni anaweza kuwa hana elfu kumi za kukupa, na si kosa lake.

Tabaka ni upande mwingine, kusini magharibi mwa mji wa Kisii, na usiiache. Hapa ndipo mawe ya sabuni huchimbwa na kuchongwa. Jiwe hukatwa kwa panga na msumeno likiwa na unyevu, linachongwa kwa kisu, kisha linasuguliwa kwa msasa ndani ya maji hadi liwe laini kama shavu la mtoto. Kuna jeupe, la waridi, la kijivu. Elkana Ong'esa, mchongaji wa huku, sanamu yake iko makao makuu ya UNESCO kule Paris. Nunua kwa mchongaji mwenyewe na utume kwenye simu yake mkiwa wote wawili hapo. Pesa inaingia kwa aliyefanya kazi, na wewe unajua nani alichonga kiboko chako. Jiwe ni zito, mfunge vizuri kwa magazeti.

Upande wa Nyamira ni chai. Ukiomba kwa heshima utaonyeshwa kuchuma majani mawili na chipukizi, na utagundua kikapu hakijai haraka kama ulivyodhani.

Sasa neno kwa mwenye nyumba, maana najua mpo mnaosoma. Nyinyi pia mnachezwa. Unapata meseji kwamba umepokea 9,000, kisha "mgeni" anapiga: mama, nimekosea, nilitaka kutuma 3,000, nirudishie 6,000 haraka, mtoto yuko hospitali. Meseji hiyo imetoka kwa nambari ya kawaida na pesa haikuingia. Usisome meseji, angalia salio. Na hata kama pesa imeingia kweli, usimtumie mtu wewe mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja, hiyo ndiyo njia. Usichinje kuku kwa meseji.

Ukipokea wageni mara kwa mara, chukua leseni ya biashara ya kaunti na uulize Tourism Regulatory Authority kuhusu usajili wa nyumba yako. Kisha omba Till yenye jina la nyumba. Pesa ya wageni itakaa mbali na ya shule na ya chama, na mgeni wa Nairobi atakapoweka nambari saa nne usiku, jina litakalotokea litakuwa lile lile ulilomtajia kwenye simu.