Kugandisha kitambi kwa barafu: ina usalama?

Mdau mmoja wa Moa, kule Mkinga, kauliza: eti ule mkanda wa baridi unaouzwa kwenye simu unaondoa kitambi bila kisu? Na kama ni baridi tu, barafu ya samaki si ileile?

Jambo lenyewe si uongo mtupu. Asubuhi za kusi mafuta ya nazi huganda chupani na maji ya mtungini yako vilevile. Mafuta ya mwilini nayo huumia kwa baridi kabla ya ngozi. Mwaka 2008 madaktari Manstein na Anderson wa Boston walichapisha utafiti wa njia hiyo, na 2010 Marekani ikaidhinisha mashine ya CoolSculpting. Inafyonza mkunjo wa nyama, inaupoza kwa kipimo, seli za mafuta zinakufa, mwili unaziondoa kwa miezi miwili mitatu. Hupungua kama robo ya mafuta ya pale pale palipobanwa, basi.

Wekundu, uvimbe, maumivu na ganzi ya wiki kadhaa ni kawaida. Baya ni hili: kwa wachache mafuta yanaongezeka na kuwa magumu, pengine kwa umbo la kifaa chenyewe! Iliripotiwa mara ya kwanza 2014, ikakadiriwa mara 1 kwa 20,000. Tafiti za baadaye zikaona ni zaidi. Mazoezi hayaiondoi, unarudi kwenye kisu ulichokikimbia. Mwanamitindo Linda Evangelista alijitokeza 2021 akasema yamemkuta, akadai dola milioni 50. Walimalizana 2022 nje ya mahakama.

Sasa barafu ya samaki. Jamani, haina kipimo, na ikitiwa chumvi ndiyo baridi zaidi. Mashine ina kihisi cha joto na jeli ya kulinda ngozi. Wewe umejifunga kanga, ganzi imeshaingia, ngozi inaungua na husikii kitu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia asijaribu kabisa. Wenye maradhi ya damu yanayochochewa na baridi hata mashine hawaruhusiwi.

Ngozi ikiwa nyeupe, ngumu au ina malengelenge: toa barafu, weka maji ya vuguvugu, usisugue, nenda kituo cha afya.

Halafu kile kitambi kigumu cha wazee wetu, mafuta yake yako ndani, nyuma ya misuli. Huko baridi haifiki, iwe ya mashine au ya barafu.