Kabureta Iliyokwama Haitaki Nguvu

Kando ya Mto Pangani, wilayani Korogwe, wako wakulima wanaomwagilia bustani zao kwa pampu ya petroli. Kule Handeni, pikipiki hubeba mazao, abiria, na hata mgonjwa anayepelekwa zahanati. Pampu hizo, na pikipiki nyingi, zina kifaa kiitwacho kabureta.

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini. Petroli hukaa kwanza ndani ya bakuli dogo lenye boya. Petroli ikijaa, boya hupanda, na sindano yake huziba njia. Petroli ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Kutoka katika bakuli, petroli hupita kwenye jeti. Jeti ni skrubu ndogo ya shaba yenye tundu jembamba.

Kwa nini sehemu hizi hukwama?

Masika yakianza, pampu huwekwa stoo. Petroli iliyobaki ndani hukauka polepole. Huacha utando unaonata kama utomvu wa mti. Maji nayo yakiingia, alumini huota unga mweupe. Hapo jeti, sindano na boya hushikwa.

Katika kijiji kimoja nilichofundisha, kikundi cha bustani kilitoa pampu yake stoo wakati wa kiangazi. Nyanya zilikuwa zinatoa maua. Pampu ilikataa kuwaka. Kijana mmoja alichukua nyundo na patasi, akagonga jeti. Jeti haikutoka. Kabureta ikapasuka. Fedha zilizowekwa kwa ajili ya mbolea zilinunua kabureta nyingine. Ilipofika, matuta manne yalikuwa yamekwisha kunyauka.

Tufanyeje basi?

1. Jihadhari na moto. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini hushika moto upesi. Fanya kazi nje, mchana, injini ikiwa imepoa. Koroboi, sigara na jiko viwe mbali. Usivute petroli kwa mdomo.

2. Funga koki ya mafuta. Safisha kabureta kwa nje kabla ya kuifungua. Tandika kitambaa cheupe, upange sehemu kwa kufuata jinsi zilivyotoka.

3. Chukua daftari. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu mpaka mwisho, huku ukihesabu mizunguko. Andika hesabu hiyo, kwa mfano: mzunguko 1 na nusu. Utaihitaji wakati wa kurudisha. Kumbukumbu ya kichwa hupotea, maandishi hubaki.

4. Tumia bisibisi inayojaa katika mfereji wa jeti. Bisibisi ndogo hula mfereji. Kandamiza kwanza, kisha zungusha kushoto.

5. Jeti ikikataa, acha. Iloweke kwa mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi gonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, ujaribu tena. Ikisogea kidogo, irudishe kidogo, kisha ilegeze tena.

6. Ikikataa bado, tumia maji ya moto. Toa boya, mipira na sehemu za plastiki. Osha kabureta kwa sabuni mpaka harufu ya petroli na mafuta ya taa iishe. Chemsha maji, yaepue, uyapeleke mbali na moto, ndipo uitumbukize kabureta kwa dakika 10. Alumini ikipata joto hutanuka kuliko shaba na chuma. Kwa hiyo tundu hulegea kidogo. Ishike kwa kitambaa na uzungushe jeti kabla haijapoa.

7. Pini ya boya isigongwe kwa nguvu. Vinguzo vinavyoishika huvunjika upesi. Iloweke, kisha isukume polepole.

Jeti ikishatoka, usitoboe tundu lake kwa waya. Waya hupanua tundu, na injini itakunywa petroli nyingi. Pitisha unyuzi mmoja wa mkonge, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli. Inua jeti juani. Ukiona mwanga wa duara safi, njia iko wazi.

Rudisha kila kitu kwa kufuata daftari lako. Skrubu ya hewa ikaze taratibu mpaka mwisho, kisha uilegeze kwa mizunguko uliyoandika. Fungua koki. Petroli ikivuja, funga mara moja na uangalie boya na sindano. Usiwashe injini inayovuja.

Kinga ni bora. Kabla ya kuweka pampu stoo, funga koki na uiache injini izunguke mpaka izimike yenyewe. Bakuli litabaki bila petroli ya kuganda.

Haraka haraka haina baraka. Anayesubiri usiku mmoja huokoa mavuno ya msimu mzima.

Maswali
1. Kwa nini jeti hukwama?
2. Maji ya moto husaidiaje?
3. Kwa nini tunaandika idadi ya mizunguko?